Mama Yangu Alinipigia Magoti

Wenye kunijua banasema nilikuwa nimelewa. Sikukunywa kitu. Nilikuwa nimetoka misa, jua iko juu ya kichwa, na akili yangu nzima kabisa. Hii nitakuelezea niliiona na macho yangu mbili, na ungekuwa ni weye, ungelia tu.

Nilikuwa nimerudi hapa Elisabethville nyuma ya miaka kumi na tano ya kazi ya reli kule Sakania. Vita ya bazungu ilikuwa imeisha. Nikasema acha niende kuona ile kambi ya bafanyakazi kwenye nilikulia. Nilitamani tu kile kichuguu tulikuwa tunateleza juu yake mpaka kaputula inapasuka. Kumbe nyumba zote balishazibomoa. Ni majani tu, na robine moja, bomba ya mayi, kule mwisho wa njia.

Mara nikasikia harufu ya bukari, ule ugali ya kwetu. Bukari ya nani, hapa fasi hakuna nyumba? Nageuka, naona nyumba yetu na mulango yake ya bluu, na mama yangu amekaa pa mulango.

Sasa ujue, mama alikufa nikiwa na miaka tisa. Alikuwa na homa kali, akanituma mayi kwa robine. Njiani nikakuta benzangu banacheza mupira ya bitambaa, nikasema bao moja tu. Nilirudi jua inashuka. Bantu balijaa mu lupango, uwanja ya nyumba yetu, banalia. Ndoo yangu haikukuwa hata na tone.

Basi mama akaniona, akasimama, akakuja. Alikuwa kijana, Mungu wangu! Miye mvi imeshaanza, yeye hata miaka makumi tatu hakufika. Akapiga magoti chini, akapiga mikono polepole, vile banamuke ya kwetu banasalimia muntu mukubwa. Mama yangu mwenyewe, ananipigia magoti miye! Unaweza kuvumilia ile? Nilitaka udongo ifunguke nipotee.

Akaniuliza kwa heshima, ananiita baba, kama sikukutana na mutoto wake njiani. Alimutuma mayi tangu asubui, na koo inamuwaka.

Nikamwambia, "Mama, ni miye."

Akaniangalia sana. Akaangalia mvi, akaangalia biatu, mwisho akaangalia mikono yangu.

"Kama ni weye," akasema, "mayi iko wapi?"

Nikakimbia. Na biatu ya misa, na hiki kitambi changu, nikakimbia. Ndoo sikukuwa nayo. Nikavua kofia, nikaijaza kwa robine, nikarudi mayi inanivujia kati ya bidole. Nikakuta majani tu.

Tangu ile siku, kila siku ya Mungu nikitoka misa naenda pale na ndoo imejaa. Namwaga mayi pale nadhani mulango ilikuwa, naita mama mpaka sauti inakauka. Muke yangu ananiomba niache. Siwezi. Hajarudi hata mara moja, na miye kila mwaka nazidi kuzeeka. Hata akirudi, atanijua kwa kitu gani?

Njo maana nakuomba, weye mwenye kunisikia. Ukipita kule, mwanamuke kijana akupigie magoti na kukuuliza mutoto wake, usimwambie alishakomaa. Mwambie umemuona. Mwambie iko mu njia, anakuya, na ndoo imejaa.