Pindo Latimiza Miaka Saba

Kanyiva alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akianza kuwaza sentensi, mikono yake huendelea na kazi peke yake, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Ndiyo maana huko Tawa, anakoshona sare za shule siku za soko, kuna mtoto aliyewahi kwenda shule na kaptura yenye mifuko miwili upande mmoja. Mama wa mtoto alirudi nayo akifoka. Kanyiva aliomba msamaha, akaifumua, akaishona upya. Lakini sentensi aliyokuwa akiiwaza siku ile ilikuwa nzuri, na hakuijutia hata kidogo.

Sentensi zake zilikuwa na makao yao, blogu aliyoipa jina Pindo. Aliianzisha mwaka alioolewa huku Mbooni, mwezi wa Oktoba, wakati ukungu wa asubuhi unapolala mabondeni mpaka vilima vinaonekana vimekatwa miguu. Kila mwaka, siku hiyo ikifika, aliisherehekea. Alishuka Tawa, akanunua soda baridi na andazi, akajikunyata nyuma ya cherehani yake na kuandika. Ilikuwa sherehe ya mtu mmoja, bila hotuba wala mgeni wa heshima, na aliipenda hivyo hivyo.

Sasa Pindo lilikuwa linatimiza miaka saba, na mwenyewe alikuwa ameamua kulifunga siku hiyo hiyo.

Hawakuwa wamekosana, yeye na Pindo. Ni maisha tu yaliyokuja yote kwa mlango mmoja. Nyamai, mumewe, alikuwa Kibwezi kwenye mashamba ya kumwagilia, na akija nyumbani mwisho wa mwezi hulala kama gunia. Watoto walitaka kusaidiwa kazi za shule. Kwaya ya kanisa ilitaka sauti yake ya pili. Juu ya yote alikuwepo mama mkwe wake, Kalekye, ambaye tangu kiangazi kianze alikuwa akipotea akiwa ameketi palepale. Jana alikuwa amemuuliza Kanyiva, kwa adabu kabisa, kama mwenye nyumba yupo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na Kanyiva alikuwa ameshika kama sita. Kitu cha kuachiliwa kilikuwa kimoja tu, kile ambacho hakuna mtu nyumbani angekikosa.

Kwa hiyo aliandika kwaheri. Ilikuwa kwenye simu, tayari, fupi na yenye heshima, ikingoja kidole tu.

Kama kawaida ya mambo, siku hiyo ndiyo mwethya ulipomfikia. Mwethya ni wanawake wa kijiji kulima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye zamu ndiye hupika. Mvua ilikuwa karibu, matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usishuke na maji, yalikuwa yamebomoka mwaka uliopita, na zamu ya mwethya haiahirishwi kwa sababu ya blogu. Soda na andazi vikabaki Tawa.

Asubuhi simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa Nasima, muuza vitambaa wa Mwingi, ambaye hawajawahi kuonana naye ila kila chapisho yeye ndiye wa kwanza kulisoma. "Dada, si ni leo? Nimeweka chai kwa flaski. Sitoki hapa dukani mpaka nisome." Kanyiva alihisi haya, kama mtu aliyealika wageni kwenye nyumba anayopanga kuibomoa. Akairudisha simu mfukoni.

Wanawake wakafika na majembe mabegani, mbele yao Muthoki, kiongozi wao, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Kanyiva akachukua jembe lake. Muthoki akamnyang'anya.

"Weka hiyo chini. Mwenye mgonjwa hashiki jembe. Si unajua?"

"Lakini ni shamba yangu, Muthoki."

"Ndio, ni yako. Na huyu mama pia ni wako. Kaa na yeye, uangalie sufuria. Muthokoi ikiungua, hapo ndio tutasumbuana."

Hivyo ndivyo Kanyiva, siku ya zamu yake mwenyewe, alivyojikuta ameketi mkekani kando ya Kalekye, sufuria kubwa ya muthokoi, yale mahindi na maharagwe, ikitokota mbele yao, bila la kufanya ila kuisikiliza. Hakukumbuka mara ya mwisho kuketi namna hiyo. Chini kwenye mteremko wanawake walikuwa wameingia ukunguni, akawa haoni mtu, anasikia tu wimbo na majembe yakigonga kwa pamoja. Ilikuwa kama kilima chenyewe kinapumua. Jua likapenya, ukungu ukageuka rangi ya maziwa ya kwanza, mgongo wa mtu mmoja ukaonekana, kisha ukafunikwa tena. Sentensi zikaanza kumjia. Akajikaza kuzifukuza, kwa sababu nyumba yao ilikuwa inafungwa leo.

Akatoa simu. Kidole kikasimama juu ya ile kwaheri.

Akasema moyoni, kabla ya kufunga, nisome chapisho la kwanza mara moja tu. Akalifungua, na kwa kuwa mtu hawezi kuagana kimya, akalisoma kwa sauti ya chini.

Lilikuwa la msichana wa Kibwezi, mwaka wa njaa. Mamake alikuwa amebakiwa na mbegu za mtama kiasi cha kujaza kiganja. Akaona zikikaa nyumbani zitaliwa, na zikibebwa kwa kibuyu zitaombwa njiani. Basi akafumua pindo la nguo ya msichana, akazimimina humo, akashona. Akamwambia apande mpaka Mbooni kwa shangazi yake, ambako mvua huwahi. Msichana akatembea siku nyingi na njaa tumboni na chakula kikimgonga miguuni kila hatua.

Kalekye, aliyekuwa akitazama moshi, akageuza kichwa.

"Na hakuzila?"

"Hakuzila, mwaitu," Kanyiva akajibu. Mwaitu ni mama, na ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza.

"Njaa yote hiyo? Hakufumua hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Asi! Huyo msichana ana roho." Kalekye akasogea karibu, macho yameamka. "Soma. Alifika?"

Kanyiva akashindwa kuendelea. Kisa kile alikuwa amesimuliwa na Kalekye mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa, akiwa ameketi kando ya cherehani akimtazama bibi harusi akishona pindo. "Mimi pia nilishonewa moja," mama yule alikuwa amesema, akacheka, akasimulia yote mpaka shangazi alipolifumua pindo kwa meno. Usiku huohuo Kanyiva alikiandika, na blogu ikapata jina. Sasa msimulizi alikuwa akisikiliza safari yake mwenyewe kama habari za jirani, akimhurumia msichana asiyemjua. Iliuma. Kanyiva alitaka kulia kwa sauti, lakini mama alikuwa akingoja.

"Alifika, mwaitu."

"Mtama ukaota?"

"Ukaota."

"Rudia hapo mwanzo. Pale anashonewa."

Akarudia. Akarudia tena. Walikuwa wote wawili njiani kati ya Kibwezi na Mbooni, mbali na jiko lolote la dunia hii, harufu ilipowafikia.

Tayari Muthoki alikuwa anapanda mteremko, jembe mkononi, pua mbele.

"Kanyiva! Nilikuambia nini?"

Hakukuwa na pa kujificha. Wanawake wakaizunguka sufuria, wakaitazama ile nyeusi ya chini, na Kanyiva, kwa aibu na machozi yaliyokuwa tayari njiani, akatoboa yote: kwamba anaandika, kwamba leo Pindo lina miaka saba, kwamba alikuwa akimsomea mama. La kwaheri hakulisema.

Muthoki akashika kiuno. "Miaka saba! Huyo si ako darasa la pili? Na wewe umemficha hivi, hata chai ya kuzaliwa hatukukunywa?" Akachota muthokoi kwa mwiko, nyeusi na nyeupe pamoja, akampa wa kwanza. "Haya, keki ndio hii. Kula, mama mtoto. Imeungua kwa sababu yako."

Wakaila yote, wakilalamika kwa furaha na kukwangua chini. Mmoja akaanzisha wimbo wa jembe na kuutia jina la Pindo mahali pa jina la shamba. Kanyiva aliimba sauti ya pili, mdomo umejaa.

"Na ya leo umeandika nini?" Muthoki akauliza.

"Bado."

Ndipo alipovutwa mkono. Kalekye alikuwa ameweka sahani chini. Alikuwa ameinama, amekunja pindo la gauni lake, amelishika kwa vidole vyote kama mtu aliyeshika maji, na alikuwa akimtazama Kanyiva usoni kwa macho ya mtoto anayejua atatumwa mbali.

"Shona vizuri, mwaitu," akasema. "Zisimwagike njiani."

Wimbo ukakatika. Kanyiva hakumsahihisha. Alichomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye kola ya blauzi, ikiwa bado na uzi, akapiga magoti na kushona, mishono midogo, ya karibu karibu, pande zote.

"Hazitamwagika, mwanangu," akamwambia. "Nenda tu."

Kisha, mkono mmoja ukiwa bado umeshika pindo, kwa mkono wa pili akaifuta ile kwaheri yote, akaanza kuandika.