Raheli na Ndege Asiyekula Mtama

Raheli aliwajua ndege kwa kuwachukia. Alikuwa na miaka saba alipopandishwa kwenye dungu katikati ya shamba la mtama la baba yake, karibu na Mtera, akapewa kombeo na kuambiwa asishuke mpaka jua litue. Tangu hapo ameamia ndege wasile mtama miaka thelathini na minane, kwa baba, kisha kwa mume, kisha kwa ajili ya wanawe. Mnana, chiriku, shore, kwelea kwelea, wote aliwatambua kwa sauti akiwa amefumba macho, na kila mmoja alikuwa na tusi lake.

Basi mwaka tisini na tatu akatokea Gaudence. Huyu alikuwa karani Dodoma mjini hadi shirika lao lilipouzwa, naye akapunguzwa kazi. Akaja na wazo lililowavunja watu mbavu: kuwaleta wageni Mtera kutazama ndege. Kutazama tu! Wasiwale, wasiwafukuze. Raheli alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, wazo likamganda. Kumbe kuna watu wenye shule zao waliohitaji kitu alichonacho yeye, asiyejua hata kuandika jina lake. Akaitaka kazi ya kuwaongoza wageni kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuona haya kusema.

"Nitakujaribu mara moja, Mama Elisha," Gaudence alimwambia. "Mgeni akimwona ndege anayemtaka, kazi ni yako. Asipomwona, namchukua mpwa wangu Brighton. Yeye anajua Kiingereza."

"Kwani ndege nao wanajua Kiingereza?" Raheli akauliza.

Mgeni mwenyewe alifika mwezi wa nne, mtama ukiwa ndiyo kwanza unatunga maziwa. Aliitwa Anyitike, mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mpole mwenye darubini shingoni. Akamwamkia Raheli shikamoo, kisha akamweleza anachotafuta: ndege mdogo wa kahawia anayekimbia baridi ya Ulaya, anayekuja na mvua, na kuimba sana siku chache kabla ya kurudi kwao. Miaka sita alikuwa akimsikia tu, hajamtia machoni.

"Huyo namjua," Raheli akasema. "Hajala punje yangu hata moja. Ni yeye peke yake ambaye sijawahi kumpiga jiwe. Twende kile kisiwa cha bwawani."

Wakavuka wote watatu kwa mtumbwi, wakipita katikati ya miti iliyokufa imesimama tangu bwawa lilipojaa. Kisiwani wakakaa kwenye tope mbele ya kichaka kilichozungukwa na matete, kimya. Jua likapanda. Halafu ndani ya kichaka sauti ikaanza, tamu, ndefu, isiyo na haraka. Anyitike akainua darubini. Tawi likatikisika.

Hapo ndipo wingu la kwelea kwelea liliposhuka juu ya matete.

Raheli hakuamua lolote. Alijikuta amesimama, donge la tope limeshamtoka mkononi, na koo lake linapiga ile kelele ya dunguni inayosikika mashamba matatu. Kisiwa kizima kikaruka. Kisha pakawa kimya kabisa.

"Umenimaliza, Mama Elisha!" Gaudence akashika kichwa. "Nilijua tu!"

Aibu ilimshuka Raheli mpaka miguuni. Machozi yalimlenga, lakini akili yake ya shamba ilikuwa bado inafanya kazi. Akamshika Anyitike mkono.

"Usiangalie juu, mwanangu. Wanaoiba mtama ndio hukimbilia juu. Huyu hajazoea kufukuzwa. Angalia chini, penye mizizi."

Wakangoja. Na kweli, kwenye kivuli, hatua tatu tu kutoka magotini mwao, ndege wa kahawia alikuwa akirukaruka juu ya majani yaliyooza. Akatulia, akafungua mdomo, akaimba. Anyitike alisahau darubini. Alilia bila kujificha.

"Kazi ni yako," Gaudence alinong'ona waliporudi mtumbwini. "Ila niahidi hutapiga kelele tena."

Raheli hakupenda kudanganya. "Siwezi kuahidi, baba. Ile kelele hainiombi ruhusa." Akakunja pindo la kanga yake, akaliuma kwa meno.

Katikati ya bwawa kwelea kwelea wakatokea tena. Koo likamjaa Raheli, mkono wa kulia ukapapasa ukitafuta jiwe. Akazidi kuuma kanga. Ndege wakapinda kushoto wote kwa pamoja, wakapinda kulia, maelfu kwa maelfu, wala hakuna aliyemgonga mwenzake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwatazama zaidi ya muda wa jiwe kutoka kwenye kombeo. Walikuwa wazuri. Jambo hilo lilimfurahisha na kumuuma kwa pamoja.

Anyitike akaivua darubini, akampa. Raheli akaishika, kanga ikiwa bado mdomoni, akawatazama mpaka walipotua ng'ambo, kwenye mtama wa watu.