Ubao Usioshika Vumbi

Vumbi la jasi halina haraka. Huinuka shimoni taratibu, likazunguka juu ya malori, kisha likatua juu ya kila kitu: nyusi, sufuria, hata mbuzi wa watu wanaojipitia. Ikifika saa saba mchana machimbo yetu, hapa chini ya milima ya Upare, huwa meupe kiasi kwamba mtu humwoni mpaka acheke.

Hapo ndipo Rahabu alipouza chai. Alishuka kutoka Vudee akiwa mjane, akimfuata mwanawe wa pekee, Zephania, mchimbaji mwenzetu. Mwaka ule ukingo wa shimo ulimwangukia Paschal, kijana wa Kigoma, ukamvunja nyonga. Mkaguzi akamwamuru Mzee Hamdani, mwenye machimbo, aweke tangazo la usalama mahali ambapo kila mfanyakazi atalisoma. Tajiri huyo akatundika ubao pale tunapoanzia kushuka, herufi nyekundu: HATARI. USICHIMBE CHINI YA UKINGO UNAONING'INIA. Akaupiga picha, akarudi zake mjini Same.

Kila alfajiri Rahabu alipanda juu ya pipa akaufuta kwa kitambaa kibichi. Hakuna aliyemtuma. Sisi tulidhani tajiri anamlipa. Tajiri naye, akija na wageni, alijisifia rangi aliyonunua.

"Ubao huu haushiki vumbi," aliwaambia, na Rahabu akaendelea kumimina chai kana kwamba hakusikia.

Baadaye alitueleza kilichokuwa moyoni mwake. Aliamini kwamba siku maneno yale yatakapofunikwa, shimo nalo litamfunika Zephania. Tulimcheka, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa ajili ya imani hiyo hakupanda tena mlimani, hata kwa sikukuu ya mavuno kanisani kwao.

Kisha mama yake akafariki. Mama hazikwi kwa kutumiwa salamu. Rahabu akapanda bodaboda, akitazama nyuma mpaka kona ya kwanza ikamfichia bonde.

Huko juu ukungu uliingia hadi ndani ya nyumba ya msiba. Alilala katikati ya shangazi zake, akauota ubao: herufi zilifumba macho moja baada ya nyingine, kama watoto wanaosinzia, ukabaki weupe mtupu. Akaamka. Nje migomba ilidondosha maji. Alimpigia Zephania, simu haikupatikana, akapiga tena na tena. Aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia. Alivumilia hadi matanga yalipoanuliwa, akashuka siku hiyohiyo.

Machimbo yalikuwa kimya. Hakuna sururu, hakuna wimbo, hakuna anayemtania mwenzake. Alijua kabisa kwamba amechelewa. Ndani ya weupe ule aliona mtu mmoja tu, juu ya pipa lake, shati limechomekewa, akifuta ubao polepole kama anayeota. Rahabu alidhani na yeye anaota.

Alikuwa Mzee Hamdani.

Sisi tulikuwa kivulini mwa lori. Asubuhi baada ya Rahabu kuondoka, Zephania aliinua macho kwenye ubao kama ilivyo desturi yetu kabla ya kushuka, akakuta hausomeki, akasimama. Aliyemfuata akasimama, na nyuma yake wengine wote. Ndipo tulipojua kwamba tajiri hakuwa akimlipa mtu kuufuta. Mnyapara Gideoni alitusihi tushuke, akisema maneno yenyewe tunayakumbuka. Zephania akamjibu kwamba tangazo ni la tajiri, basi tajiri aje alisafishe. Tukakaa. Malori nayo yakakaa, na malori yakikaa tajiri halali.

Sasa Zephania alitoka kivulini. Hakuwa amechimba, lakini upepo ulikuwa umempaka vumbi hivyohivyo, kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo, mama. Ubao usiposomeka hatushuki. Si wewe uliyetuzoesha?"

Juu ya pipa tajiri alikuwa akimuuliza Rahabu maji anatia kiasi gani, naye hakumsikia. Alichovya ncha ya kanga yake ndooni, akamfuta mwanawe paji la uso, macho, mashavu, bila haraka, kama alivyoufuta ubao kila alfajiri, hadi uso wote ukasomeka.