Miezi Kumi na Minne ya Arkady

Kwenye jengo alilokaa Rimma Safonova, nyuma ya kiwanda cha matrekta cha Lipovsk, wanaume walikuwa hawazeeki. Wanawake walizeeka vizuri tu, wakajaa kwenye benchi la mlangoni na vilemba vyao na mbegu zao za alizeti, wakawasengenya watu mpaka baridi iwafukuze. Waume zao walikuwa makaburini. Wa ghorofa ya kwanza, dereva wa garimoshi, alianguka akifunga viatu. Wa ghorofa ya pili alikufia kwenye foleni ya siagi. Wa ghorofa ya nne aliaga dunia ndani ya bafu la mvuke, wenzake wakadhani kasinzia, wakaendelea kujimwagia maji. Hakuna hata mmoja aliyefika sitini, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walisema moyo umemshinda, wakala chapati za maji za msiba, wakarudi makwao.

Rimma peke yake ndiye aliyeona ajabu. Baba yake alikwenda hivyohivyo, kaka yake akafuata akiwa na miaka arobaini na tisa, na siku ya mazishi ya kaka yake alijiapiza kwamba Arkady wake hatakwenda. Atamzeesha huyu mwanaume, aliwaambia wanawake wa benchini, apende asipende. Walicheka, lakini hakuwa anatania.

Sasa, mtu anazeeshwaje? Hilo hakuna aliyemfundisha. Rimma alizaliwa mwaka wa njaa, katikati ya vita, mama yake akamlea kwa maganda ya viazi, na baadaye akapika kwenye kantini ya kiwanda miaka ishirini na sita. Kwa akili yake mtu mnene ni mtu salama. Arkady aliamkia mkate mweusi uliolazwa vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyolowekwa chumvi na kitunguu saumu, akala viazi vya kukaanga mchana, akalala na supu yenye krimu inayoelea juu. Akila, Rimma alikaa mbele yake ameshika shavu, anamtazama, na alikuwa na raha kamili. Sigara alimgombeza kwa ajili ya mapazia tu, maana zilikuwa pakiti mbili kwa siku na mapazia yalishakuwa rangi ya chai. Adui aliyemjua ni mmoja, naye alikaa kwenye chupa.

Hata huyo adui aliwahi kuwa na adabu zake. Arkady alikuwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, mkono wake haukukosea hata unywele, na zamani alipiga maji sikukuu na siku ya mshahara kama wanaume wote. Kisha nchi ikabadilika jina, matrekta yakakosa wa kuyanunua, na mwaka 1993 mashine zikazimwa ukumbi mzima kwa siku moja. Mshahara wa mwisho walilipwa kwa sufuria. Arkady alirudi nyumbani na sufuria saba zilizofungwa kamba, akaziweka sakafuni, akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti. Kuanzia wiki ile akawa anashinda kwenye gereji ya rafiki yake Tikhon, ambaye kwa miaka thelathini alisimama kwenye mashine ya jirani yake. Waliingia asubuhi kutengeneza gari lisilo na injini, wakatoka jioni wameshikana mabega, hawajiwezi.

Rimma alilia, akaficha chupa, akamwaga pombe chooni, akamtisha kwamba atamwacha. Haikusaidia kitu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1994 ndipo akasikia kuna bwana kutoka mkoani anakuja kuwafunga walevi, si jela bali kuwafungia hamu ya pombe, na huko kila mtu alijua kufungwa ni nini. Aliuza kofia yake ya manyoya, akamshika Arkady mkono, wakaenda kwenye ukumbi wa sherehe wa kiwanda. Walikuta wanaume sitini wamekaa na wake zao kama watoto siku ya chanjo.

Yule bwana alivaa koti jeupe na alikuwa na sauti nzuri, lazima tumpe haki yake. Aliwaita mmoja mmoja jukwaani, akawabonyeza chini ya masikio mpaka machozi yakawatoka, akawapulizia kooni kitu kichungu kinachotia ulimi ganzi. Kisha akamwambia kila mmoja kwa upole kwamba sasa ana kufuli ndani ya kichwa, kwa miaka mitatu, na akionja tone moja moyo wake utasimama. Wakatia saini karatasi kwamba wameelewa. Arkady alitia saini macho yamemtoka. Rimma, akiwa kiti cha mbele, aliona ule woga usoni mwa mumewe, na nisiseme uongo, aliufurahia. Aliona amepata mlinzi wa kumsaidia.

Na kweli Arkady aliacha. Miezi kumi na minne hakugusa. Alijenga nyumba ya vioo ya kukinga matango na baridi shambani kwao kwa fremu za madirisha mabovu, akarekebisha jiko, akaanza tena kumtania mke wake kwamba amenenepa mpaka kitanda kinaomba likizo. Rimma alitembea mtaani kichwa juu. Kila alipoulizwa alisema wangu amefungwa, naye ametulia, na mwenye mume mlevi akajua anaambiwa yeye.

Kwa furaha hiyo hakuyasikia mengine. Arkady alianza kupumzika kwenye ghorofa ya pili akipanda ngazi, akasema ni mgongo. Akawa anasugua kifua baada ya kula, akasema ni upepo umempiga dirishani. Rimma alimpa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, chenye ubaridi wa mnanaa, ambacho kila mwanamke wa Lipovsk anacho mkobani na anakiamini kuliko daktari. Daktari mwenyewe alikuwa wapi? Kituo cha afya cha kiwanda kilifungwa pamoja na kiwanda, na hospitali ya mji ilikuwa na mashine ya kupima moyo lakini haina karatasi.

Mwezi wa tatu mwaka 1995 Tikhon alikutwa amekufa ndani ya gereji, amelala juu ya usukani wa lile gari. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Arkady alibeba jeneza bega moja na wenzake watano, kwenye ngazi zenye barafu, akarudi msibani midomo myeupe.

Msibani kila mtu humnywea marehemu, bila kugonganisha glasi, na asiyemnywea amemtukana. Wenzake walijua habari ya kufuli, wakamwekea juisi ya matunda. Lakini mama yake Tikhon hakujua, au msiba ulikuwa umemtoa akilini. Alikuwa na miaka themanini na alikuwa amemzika mtoto wake wa tatu. Alizunguka meza akishika viti, akamfikia Arkady na glasi iliyojaa, vodka ikimwagikia vidoleni.

"Mnywee mwanangu, baba," alimwambia. "Wewe ndiye ulikuwa ndugu yake."

Rimma alikuwa jikoni anageuza chapati. Hakuona.

Asubuhi yake, saa mbili, Arkady alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka na uso umekuwa wa kijivu. Rimma aliingia na chai, akamwona, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa lile alilolibeba miezi kumi na minne.

"Umekunywa?"

"Sijanywa, mke wangu."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye maneno hayo mawili. Mtu akishasema sijanywa, atasemaje tena kwamba kifua kinamuua? Arkady alisema ni mgongo, ameuumiza kwa jeneza la Tikhon. Rimma akaamini, maana alitaka kuamini. Akambandika mgongoni karatasi za haradali, zile za kupasha maumivu joto, akamfunika blanketi la sufi, akampa kidonge cha mnanaa, na baada ya saa moja akampa kingine. Akamkaangia mayai kwa mafuta ya nguruwe ili apate nguvu, na Arkady akayala, vijiko vitatu, kwa ajili ya kumridhisha.

Saa sita mchana Rimma alisema anashuka kwa Nelli wa ghorofa ya tatu, mwenye simu, akaite gari la wagonjwa. Arkady alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Akamwomba asiwasumbue watu, akasema anapata nafuu, akamwambia akae naye. Rimma alikaa. Alimsimulia habari za miche ya nyanya iliyokuwa dirishani, ipi imeota na ipi imegoma, naye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama dari muda wote, anasikiliza kitu ndani yake.

Saa kumi alasiri alifungua mdomo.

"Rimma, jana nilikunywa. Glasi moja. Mama yake Tikhon aliniletea, nikashindwa kumkatalia."

Kama kuna kitu ambacho Rimma angeweza kukinunua tena kwa maisha yake yote, ni dakika iliyofuata. Hakumkumbatia. Hakukimbia. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira ya kofia iliyouzwa na ya kichwa alichokiinua mtaani, akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

"Miezi kumi na minne, Arkady. Miezi kumi na minne, halafu unakuja kuniharibia kwa glasi moja?"

"Nisamehe. Ndiyo maana moyo unasimama. Nausikia unasimama tangu asubuhi. Yule bwana alisema kweli, na mimi nilitia saini mwenyewe."

"Tangu asubuhi? Mbona hukuniambia?"

"Ungejua nimekunywa," alisema Arkady.

Ndipo Rimma akashuka ngazi mbio, bila viatu, akaupigapiga mlango wa Nelli kwa ngumi zote mbili. Wakapiga simu. Aliporudi juu Arkady alikuwa bado macho wazi, na kwa sekunde moja Rimma akadhani amewahi.

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya saa nzima na robo, kwa kuwa mji mzima ulikuwa na magari mawili na petroli ya moja. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara. Alifanya yale ambayo hayakuwa na maana tena, akafunga mkoba, akauliza maumivu yalianza lini. Rimma akamwambia saa mbili asubuhi. Daktari alitazama saa yake, kisha akazitazama karatasi za haradali zilizobaki mezani. Alisema mishipa ya moyo ilikuwa inaziba siku nyingi, miaka pengine. Alisema ni sigara, na chumvi na mafuta, na pombe ya zamani, na kukaa bila kazi na roho ikiwa juu. Wangeitwa asubuhi wangemchoma sindano, wakamlaza, huenda angepona na huenda asingepona, lakini wangejaribu.

Rimma alimweleza kuhusu ile glasi na kuhusu kufuli, kwa sauti ndogo, kama anayetaja siri ya marehemu.

Daktari alikaa tena kwenye kiti.

"Hakuna kufuli, mama. Kile walichompulizia ni dawa ya ganzi ya meno. Hata mume wangu walimpulizia. Wanawatisha tu."

"Kwa hiyo hakufa kwa ile glasi?"

"Glasi moja haikumuua. Alikuwa anaumwa, akakuficha."

Hakusema kwa ubaya. Alisaini cheti, akamfunika Arkady uso, akaondoka, maana kulikuwa na mwanaume mwingine anasubiri mtaa wa pili. Rimma alibaki na mume wake, akambandua karatasi za haradali mgongoni moja moja. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu na ya moto bado. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, mpaka wanawake wa benchini wakapanda.

Siku ya arobaini walikula kwake. Rimma alipika kila kitu peke yake, akawanywesha wanaume waliobaki, na hakumtazama vibaya yeyote aliyekunywa. Alipokuwa jikoni, Nelli alimfuata, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na mume wake Ruslan alikuwa ameanza kushinda kwenye magereji.

"Shangazi Rimma, unisamehe kuuliza leo," alisema. "Wanasema yule bwana wa kufunga anarudi mwezi wa tano. Nataka nimpeleke wangu. Atasikia kweli?"

Rimma alizima moto. Alimwambia ampeleke Ruslan akapimwe moyo, hata ikiwa ni kupanda basi hadi mkoani na kulala kwenye benchi la hospitali. Nelli akasema moyo hauna shida, shida ni pombe, na mwanaume asipoogopa ataachaje?

"Wangu aliogopa," alisema Rimma. "Aliogopa vizuri sana. Alikaa na kifo kutwa nzima kwenye kitanda kile pale, mimi nimekaa pembeni yake namsimulia habari za nyanya, na aliyekuwa anamwogopa si kifo. Alikuwa ananiogopa mimi."

Nelli alichukua sahani ya chapati akaipeleka kwa wageni, na Rimma akabaki amesimama jikoni, kwa kuwa akikaa tu alimsikia Arkady akimwambia hajanywa.