Kuku wa Mwisho wa Mariette

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Cansilde hakumpa Frauke jembe hata siku ishirini na moja zilipotimia. Frauke, mtaalamu wa lishe kutoka Ujerumani, aliletwa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, na mpango wa kubadilishana wataalamu, akae kwa Cansilde, mkimbizi wa Burundi, ajifunze wakimbizi wanakula nini. Sasa nani angemwekea mgeni uji mtupu wa mahindi? Aibu gani hiyo! Majirani walichanga mchele na samaki, na Mariette, Mkongomani wa nyumba ya pili, akachinja kuku wake wa mwisho. Wao wenyewe walikunywa uji nyuma ya nyumba, kwa kujificha.

Siku ya kuagana, katika ukumbi mmoja mjini Mbarara, Frauke alisoma ripoti yake: familia za Nakivale zinakula vizuri, chakula kinatosha. Akamgeukia mwenyeji wake.

"Au sivyo, Mama?"

Cansilde uso ukamshuka. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni, aliporudi Nakivale, Cansilde alimkuta Mariette amesimama kando ya banda lake tupu la kuku, anamngoja.

"Balisema nini juu yetu?"

Cansilde hakuweza kumtazama.

"Walisema tumeshiba."