Paji na Mazizi Mawili

Jioni moja hapa nyumbani Mkonze, binti yangu alinisogezea daftari lake la hesabu kabla sijamaliza kuchambua mchele. Kulikuwa na jozi za namba ndani ya mabano, mstari mzima. "Mama, hizi ni fankisheni au siyo?" Nikaziangalia. Tatu ilikuwa imeandikwa na tano, halafu kwenye mabano ya mbele tatu hiyohiyo na nane. Jibu nililiona papo hapo, lakini niliendelea kuchambua mchele hadi mtoto akadhani mama yake ni mbumbumbu. Siyo kwamba sikujua, ndugu yangu. Nilijua mno, na kujua huko kulinigharimu nikiwa na umri kama wake.

Nilikuwa kidato cha tatu hapa mjini Dodoma. Ndiyo miaka ile sabuni na biskuti zilirudi madukani baada ya sisi kuzoea kupanga foleni, na mitumba ikamwagika sokoni mpaka kila mtu akawa na koti la kizungu. Mimi nilikuwa na viatu vya mtumba vilivyonizidi, nikavijazia magazeti kwa mbele. Kila likizo ya katikati ya mwaka nilipanda treni kwenda Gulwe kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mjane, anaishi kwenye tembe ya udongo yenye paa bapa, na zizi liko ubavuni kabisa, kiasi kwamba ukilala unasikia ng'ombe wakicheua. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, mchana ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga. Hadi leo mlenda wa mjini naula kwa adabu tu.

Kabla ya likizo ile mwalimu wa hesabu alitufundisha fankisheni. Alianza kwa Kiingereza cha kitabuni, akaona tumemtumbulia macho kama mbuzi wa mnadani, akafunga kitabu na kuhamia kwenye Kiswahili. "Angalieni madawati yenu," akasema. "Kila mwanafunzi ana dawati moja. Dawati moja linaweza kubeba wanafunzi wanne, na hapa yanabeba wanne kweli, hakuna ubaya. Lakini mwanafunzi mmoja akikaa kwenye madawati mawili, hiyo si fankisheni, huo ni uchawi." Tukacheka, tukaelewa. Unatazama wa kwanza kwenye kila jozi. Akijirudia na mwenzi yuleyule, umemtaja mara mbili tu, basi. Akijirudia na mwenzi mwingine, imevunjika. Akatupa kazi ya likizo: kila mtu akatafute jozi kumi nyumbani kwao, aandike kama ni fankisheni au siyo, na kwa nini.

Wenzangu walisema wataandika watoto na miaka yao. Mimi, mjuaji, nikachagua ng'ombe wa bibi.

Lazima nikueleze jambo hili, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu mtu hakuwaweka ng'ombe wake wote zizini kwake. Aliwapeleka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa jirani wa ng'ambo ya korongo. Huyo anayewatunza anakunywa maziwa na kutumia mbolea shambani, ila ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Bibi alikuwa akisema, "Ng'ombe wote wakilala zizi moja, ugonjwa ukija unakuta umeandaliwa karamu." Lakini si ugonjwa tu. Kumpa mtu ng'ombe akutunzie ilikuwa ni kumwambia, wewe ni ndugu yangu. Wazee walitembeleana kwa kisingizio cha kwenda kumwona ng'ombe, wakakaa hadi kibuyu cha maziwa kikaisha.

Basi bibi akawa anatikisa maziwa kwenye kibuyu apate samli, mimi nimekaa chini na daftari. Alitaja, niliandika. Mwenye pembe iliyovunjika, kwa shemeji. Yule mwekundu, kwa shemeji pia. Paji, yule mweusi mwenye paji jeupe, kwa jirani. Jirani huyu alikuwa mzee, rafiki wa marehemu babu tangu ujanani, yeye na bibi wakiitana shemeji, na mimi nilimwita babu vilevile. Jozi zikatimia tisa, zote safi.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani, mtoni, nikamkuta Paji ananywa maji. Msichana wa nyumba moja iliyo hukohuko mtoni alikuwa akimchunga. Nikamuuliza anakompeleka. "Zizini kwetu," akasema. "Huyu analala kwetu." Nikarudi nyumbani ndoo inanimwagikia mgongoni, nikaandika jozi ya kumi: Paji, nyumba ya mtoni. Nakwambia nilifurahi. Nilikuwa nimevumbua kitu. Ng'ombe mmoja, mazizi mawili. Halafu kale kafuraha kakageuka kitu kingine: kumbe jirani anamdanganya bibi yangu!

Kesho yake ilikuwa zamu ya kupura mtama kwa jirani, na watu walifika kusaidiana kama ilivyokuwa desturi. Fimbo zinapiga kwa pamoja, makapi yanapeperuka, wanawake wanaimba. Walipopumzika kunywa togwa, jirani akaniuliza kwa utani, "Haya, msomi wetu, huko mjini mnafundishwa nini siku hizi?"

Angeuliza mtu mwingine! Nilisimama, mbele ya watu wazima wote wale, nikaeleza wa kwanza na wa pili, nikaeleza madawati. Kisha nikasema, "Kwa mfano, babu, Paji yuko kwako na yuko mtoni. Haiwezekani. Kwa hiyo kuna mtu hasemi kweli."

Hakuna aliyecheka. Jirani aliweka kibuyu cha togwa chini taratibu. Hakunitazama mimi, alimtazama bibi.

"Shemeji," akasema, "mtoto husema anayoyasikia nyumbani."

"Sijasema neno hilo, shemeji yangu. Haki ya Mungu sijalisema."

"Basi limesemwa na nani?"

Bibi alinishika mkono tukaondoka. Njiani ndipo aliponiambia, wala hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kiangazi huku juu hakuna majani. Kila mwaka, tangu babu yupo hai, jirani humshusha Paji mtoni kwenye nyasi, na mvua zikianza humpandisha. Gulwe nzima inajua, ndiyo maana hakuna anayelitaja. "Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu," akasema. "Ungeniuliza."

Asubuhi Paji aliletwa. Jirani mwenyewe alimswaga, akamwingiza zizini, akasalimia "Mbukwa" kama kawaida, akaondoka. Kwetu ng'ombe akirudishwa bila mwenyewe kuomba, maana yake undugu umekwisha. Bibi alimfuata na kibuyu cha maziwa, akakaa huko mchana kutwa. Jirani alimpa kigoda, akanywa maziwa, akamuulizia wanawe mmoja mmoja. Lakini alikataa kumchukua Paji tena. Jioni ile, kwa mara ya kwanza maishani, nilimwona bibi yangu akilia, na nililia kuliko yeye.

Shuleni mwalimu alinipigia vema kubwa. Si fankisheni, sababu sahihi. Nilipomsimulia yaliyotokea alichukua kalamu akaandika pembeni: Paji wa masika, kwa jirani. Paji wa kiangazi, mtoni. "Ukiandika hivi ni fankisheni," akasema. "Kanuni uliifuata vizuri. Hukumjua ng'ombe."

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa jirani kuomba radhi. Nilipiga goti, "Shikamoo babu," akaitika marahaba, akanisamehe kwa maneno mazuri kabisa. Lakini bibi na yule mzee walizikwa miaka mingi baadaye, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya korongo, na hakuna ng'ombe aliyewahi kuvuka tena kati yao.

Nilipita Gulwe hivi karibuni. Desturi ile imekufa. Vijana wanasema ina usumbufu, kila mtu na wake. Ukichukua daftari leo ukaandika jozi za kijiji kizima, hutakosea hata ukitaka: kila ng'ombe na zizi lake, masika na kiangazi. Nilitembea nyumba hadi nyumba, na hapakuwa na mtu aliyekuja kumwona ng'ombe wake.