Matawi Mabichi Njiani

Nilipotangaza kwamba nakwenda Botswana kukodi gari na kuliendesha mwenyewe porini siku kumi, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliweka kikombe chini. Tulikuwa sebuleni kwangu, Naguru, Kampala.

"Shemeji, simba hasomi vitabu vyako."

"Basi ni ndugu yenu," nikamjibu.

Hakucheka. Tangu mume wangu afariki, gari letu liliendeshwa na kila mtu isipokuwa mimi: shemeji, mkwe, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mimi nilikaa nyuma na mkoba mapajani, kama mgonjwa anayepelekwa kliniki. Leseni yangu na shahada zangu mbili zililala droo moja. Shemeji alitaka nichukue dereva wa huko. Nilikataa. Nilitaka siku kumi ambazo hakuna mtu angenishikia usukani.

Dada yangu mkubwa akasema tutakwenda wote, "ili awepo mtu wa kuwaeleza polisi." Naye alitoa sharti: kosa moja kubwa, tunatafuta dereva.

Siku tatu za kwanza makosa yangu yalikuwa madogo. Nilikwama mchangani mara mbili, nikapunguza upepo wa magurudumu kama nilivyoelekezwa, nikatoka. Twiga walitazama kwa adabu.

Siku ya nne asubuhi tulikuta matawi mabichi njiani. Tawi moja, hatua chache mbele jingine, kisha fungu zima kabla ya kona.

"Lori limekufa mbele," nikasema.

"Maskini," dada akasema. "Tuwasaidie."

Tulikulia katika nyumba za polisi, Nsambya. Miaka ile baada ya vita malori yalikufa katikati ya barabara kila siku. Dereva alivunja matawi, akayapanga nyuma ya lori ili wengine wapunguze mwendo, kisha akalala chini yake akingoja spea. Kwa hiyo niliwasha taa za dharura, katika pori lisilo na gari jingine hata moja. Nikashuka, jambo ambalo kila kibao kilikataza, nikabeba jeki na chupa ya maji, nikazunguka kona kwa miguu.

Alikuwa tembo. Alikuwa akivunja mti, anakula majani aliyoyapenda na kutupa mengine njiani. Aliponiona aliacha kutafuna, akatandaza masikio. Nilimwonyesha jeki. Sijui kwa nini. Labda ni elimu ya chuo kikuu.

Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa gari.

"Banange, jamani! Nipe usukani!" dada akapiga kelele nilipoingia.

"Hujui kuendesha."

"Na wewe je?"

Njia ilikuwa nyembamba, mchanga mzito pande zote mbili, na tembo alikuwa anakuja kwa mwendo wa mwenye nyumba. Nikaweka gia ya nyuma, nikageuza shingo. Kampala ukirudisha gari nyuma, wanaume sita hutokea kusikojulikana, wanapigapiga bodi ya gari kukuelekeza: "Njoo, njoo, kata kushoto!" Pale hakuwepo hata mmoja, na nadhani ndiyo sababu niliweza. Tulirudi mpaka alipochoka nasi, akaingia kichakani.

Kambini dada alimsimulia kila kitu mhudumu, naye akasema ana binamu ambaye ni dereva, atakuja alfajiri.

"Tulikubaliana," dada akaniambia. "Kosa moja."

"Nilikosea kushuka. Kuendesha sikukosea."

"Shemeji yako akisikia..."

"Mpigie simu. Mwambie nimerudisha gari nyuma mbele ya tembo; kama bado ana swali, aniulize."

Asubuhi binamu alifika na kofia safi, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Niliupokea mkono wake, nikamsabahi, nikapanda upande wa dereva na kuwasha gari. Dada alisimama nje kitambo, anatazama ile kofia, ananitazama mimi. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Usinisemeshe mpaka saa nne," akasema, akifunga mkanda.

Sikumsemesha. Nilikuwa naendesha.